Swali Liwe la Mwanafunzi Mwenyewe
Mhadhara kuhusu mashindano ya miradi ya hisabati katika shule za sekondari



Nitasema mapema ninakoelekea, ili anayetaka kunipinga ajiandae. Mradi wa hisabati una thamani pale tu swali lake linapokuwa la mwanafunzi mwenyewe, swali ambalo hajui jibu lake siku anapoanza na hatalikuta mwisho wa kitabu. Bango, rangi, kompyuta na meza yenye kitambaa cheupe ni mapambo. Majukwaa ya mashindano haya tayari tunayo Afrika Mashariki. Tulichopungukiwa ni maswali, na maswali hayana mfadhili.

Wengi wenu mnaijua Olimpiadi ya Hisabati. Ile ya kimataifa ilianza Romania mwaka 1959, na ya bara letu, PAMO, ikaanza mwaka 1987. Katika ile ya kimataifa mwanafunzi hupewa maswali sita kwa siku mbili, saa nne na nusu kila siku, akabaki na kalamu yake. Ni mashindano mazuri na sitayasema vibaya leo. Ila humo swali limetungwa na mtu mzima anayejua jibu, tena anayejua kuwa jibu linapatikana ndani ya muda huo. Mtoto anapokwama hujipa moyo kwamba njia ipo. Kwenye mradi hakuna aliyemhakikishia kuwa njia ipo. Anaweza kuishi na swali muhula mzima, kisha akagundua kuwa alilitunga vibaya tangu mwanzo. Watafiti wa hisabati popote duniani wanaishi na ugumu huo, na sijaona mtihani unaoweza kumzoesha mtoto nao.

Mfano nitakaoutumia unatoka Ireland, na una undugu wa kweli na sisi, kama mtakavyoona.

Mwaka 1963 wanafizikia wawili wa University College Dublin, Padri Tom Burke na Dkt. Tony Scott, walivutiwa na maonyesho ya sayansi ya wanafunzi yaliyokuwa yakifanyika Marekani, wakaamua kuanzisha ya kwao. Maonyesho ya kwanza yalifanyika mwaka 1965 katika jumba la Mansion House, Dublin. Tangu hapo kila Januari vijana wa sekondari wa Ireland hukusanyika na miradi yao, husimama mbele ya mabango yao, na waamuzi hupita meza kwa meza wakiwauliza. Mshindi wa mwaka 1999 alikuwa msichana wa miaka 16 kutoka Blarney, katika jimbo la Cork, aitwaye Sarah Flannery. Mradi wake ulikuwa wa hisabati tupu: njia mpya ya kuficha ujumbe.

Baba yake, David Flannery, alikuwa mhadhiri wa hisabati mjini Cork, na jikoni kwao palikuwa na ubao wa chaki. Watoto walipokuwa wakila, mafumbo yalikuwa ubaoni. Mojawapo ni hili ambalo hata hapa wengine mnalijua: una chombo cha lita 5 na kingine cha lita 3, maji yapo tele, pima lita 4 kamili. Unajaza kile cha 5, unamimina kwenye cha 3, zinabaki 2. Unamwaga cha 3, unazihamishia humo zile 2, unajaza tena cha 5, unamalizia nafasi ya lita 1 iliyobaki kwenye cha 3, na mkononi una lita 4. Hakuna fomula hapo. Kuna mtu anayejaribu, anayeshindwa, na anayejaribu tena bila kuadhibiwa kwa kushindwa. Nalitaja fumbo hili kwa sababu vyombo vya kulifanyia tunavyo katika kila nyumba, na ubao wa chaki haugharimu pesa ya kumshinda mzazi.

Mwaka 1998 Flannery alishiriki maonyesho kwa mradi wa kueleza usimbaji wa siri kama ulivyokuwa ukijulikana. Baadaye, katika mafunzo ya kazi kwenye kampuni ya Baltimore Technologies, Dublin, alikutana na mwanahisabati Michael Purser, aliyempa wazo ambalo lilikuwa halijachapishwa: je, usimbaji unaweza kufanywa kwa matriki badala ya namba za kawaida?

Naomba mnivumilie niingie ndani kidogo, maana hapa ndipo utamu ulipo. Njia ya RSA, iliyotolewa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977, inategemea jambo moja: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi nyepesi, lakini kupewa jibu na kuambiwa utafute zile namba tasa mbili ni kazi nzito mno. Ili kuficha ujumbe kwa RSA, unaigeuza herufi kuwa namba, halafu unaipandisha namba hiyo kwenye kipeo kikubwa sana. Kompyuta za wakati ule zilitumia muda mrefu kwenye vipeo hivyo. Flannery akauliza: tukitumia matriki, tunaweza kuacha vipeo tukabaki na kuzidisha tu?

Matriki ni jedwali la namba. Kwenye mradi huu, mistari miwili na safu mbili. Ajabu ya matriki ni kuwa mpangilio wa kuzidisha hubadili jibu. Chukua matriki yenye 1 na 1 juu, 0 na 1 chini. Chukua ya pili yenye 1 na 0 juu, 1 na 1 chini. Ya kwanza mara ya pili inatoa 2 na 1 juu, 1 na 1 chini. Ya pili mara ya kwanza inatoa 1 na 1 juu, 1 na 2 chini. Wanafunzi wa kidato cha tano, fanyeni hesabu hiyo usiku wa leo msiniamini tu. Sasa, kama mpangilio unabadili jibu, basi unaweza kuuzungushia ujumbe matriki ya siri, moja kulia na moja kushoto, na asiyeijua ile ya siri asiweze kuufungua. Hilo ndilo wazo. Flannery aliliandikia programu, akapima, akakuta njia yake inafanya kazi kwa kasi inayozidi ya RSA mara 20 na zaidi. Akaipa jina Cayley-Purser: Cayley kwa heshima ya Arthur Cayley, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeweka misingi ya matriki, na Purser kwa heshima ya mtu aliyempa wazo. Jina lake mwenyewe hakuliweka.

Aliposhinda, magazeti ya dunia yalimwandika kama msichana atakayekuwa tajiri. Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, alishinda pia moja ya tuzo za kwanza katika mashindano ya wanasayansi vijana wa Ulaya mjini Thessaloniki, Ugiriki. Lakini njia ya Cayley-Purser ilivunjika.

Ilivunjika kwa hisabati nyepesi, na uzito wake uko hapo. Matriki ya siri ilikuwa lazima ikubaliane na matriki nyingine iliyo wazi kwa wote, yaani zikizidishwa kwa mpangilio wowote jibu liwe lilelile. Matriki za mbili kwa mbili zinazokubaliana na matriki iliyo wazi, ukiacha hali chache za pekee, si za aina nyingi: zote hupatikana kwa kuchanganya ile iliyo wazi na matriki ya utambulisho, ile yenye 1 na 0 juu, 0 na 1 chini. Kwa hiyo adui hahitaji kubahatisha kwenye bahari ya matriki. Anatafuta kiwango cha mchanganyiko tu, na hicho hupatikana kwa mlinganyo wa kawaida. Udhaifu huo umeandikwa wazi kwenye nyongeza ya ripoti ya mradi, na Flannery aliusimulia tena kwenye kitabu alichokiandika na baba yake, In Code, kilichotoka mwaka 2000.

Wapo wanaosema mradi ule ulishindwa. Mimi nasema mradi ule ndio mradi bora wa hisabati wa sekondari ninaoujua, na udhaifu wake ni sehemu ya ubora huo. Binti alikuwa na swali lililo wazi. Alilifanyia kazi kwa uaminifu, akapima, akaandika kila hatua kiasi kwamba watu wengine waliweza kuikagua na kuona ilipopasuka. Njia ya kuficha siri haijulikani kuwa imara mpaka watu wenye akili wajaribu kuivunja kwa muda mrefu. RSA yenyewe imeheshimika kwa sababu imeshambuliwa tangu 1977. Mtoto wa miaka 16 aliweka kitu mezani ambacho wataalamu waliona kinastahili kushambuliwa. Niambieni ni alama gani ya mtihani inayolingana na hilo.

Nimesema kuna undugu. Mwaka 2011 Dkt. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry walianzisha Young Scientists Tanzania kwa kufuata mfano wa maonyesho hayohayo ya Ireland, na maonyesho ya kwanza ya kitaifa yakafanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Washindi wamewahi kupelekwa Dublin kuyaona ya wenzao, na Karimjee Jivanjee Foundation imekuwa ikiwalipia washindi masomo ya chuo kikuu. Kenya wana historia ndefu zaidi ya maonyesho ya sayansi ya shule, ambayo sasa ni Kenya Science and Engineering Fair, na mwanafunzi huanzia shuleni kwake akapanda ngazi kwa ngazi hadi taifa. Basi jukwaa tunalo.

Lakini nendeni kwenye maonyesho yoyote, mtazame meza za hisabati. Ni chache, na wageni huzipita haraka kwenda kwenye roboti na mitambo ya biogesi. Nyingi ya hizo chache zina bango la Pythagoras lililopakwa rangi vizuri, au mfuatano wa Fibonacci na picha ya alizeti. Nimesimama mbele ya mabango ya namna hiyo kama mwamuzi, na nikimuuliza mwanafunzi, "Hapa wewe ulitaka kujua nini?" hunitazama kwa huruma, kana kwamba sijasoma kichwa cha bango. Simlaumu. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa katika hisabati kuna la kutaka kujua. Tangu darasa la kwanza ameona maswali yakitoka ubaoni kuja kwake, hata siku moja hayajatoka kwake kwenda ubaoni.

Walimu mtaniuliza: mtoto wa kidato cha pili atatoa wapi swali la hisabati ambalo halina jibu kitabuni? Nitawaonyesha moja, tulifanye pamoja.

Namba 9 ni 4 + 5. Pia ni 2 + 3 + 4. Namba 15 ni 7 + 8, ni 4 + 5 + 6, ni 1 + 2 + 3 + 4 + 5. Namba 7 ni 3 + 4. Sasa jaribu 8. Inakataa. Hakuna namba nzima zinazofuatana, kuanzia 1 kwenda mbele, ambazo ukizijumlisha unapata 8. Mtoto akikaa na daftari na kujaribu kutoka 1 hadi 32, atakuta zinazokataa ni 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Hapo nywele zinamsimama, maana anazijua namba hizi: ni vipeo vya 2. Amepata kisio lake mwenyewe. Swali linalofuata ni kwa nini, na hapo hisabati yenyewe inaanza.

Jumla ya namba zinazofuatana hupatikana kwa kuchukua ya kwanza ujumlishe na ya mwisho, uzidishe kwa idadi yake, ugawe kwa 2. Idadi ikiwa shufwa, basi ya kwanza na ya mwisho zikijumlishwa zinatoa witiri. Idadi ikiwa witiri, zinatoa shufwa. Jaribuni, haikosei. Maana yake ni kwamba ukichukua jumla yako ukaizidisha kwa 2, lazima iwe na kigawo witiri kinachozidi 1. Sasa 8 mara 2 ni 16, na vigawo vya 16 ni 1, 2, 4, 8 na 16. Witiri inayozidi 1 haimo. Kwa hiyo 8 haiwezekani, wala 1024 haiwezekani, wala kipeo chochote cha 2 hata ukifika mwezini. Mtoto wa kidato cha pili amethibitisha jambo juu ya namba zisizo na mwisho, kwa kalamu na karatasi.

Asiachie hapo. Kwa nini 15 ina njia tatu na 9 mbili? Ahesabu vigawo witiri. Vya 15 ni 1, 3, 5 na 15. Ukiacha kile cha 1 vinabaki vitatu. Vya 9 ni 1, 3 na 9. Ukiacha 1 vinabaki viwili. Halafu abadili kanuni: badala ya namba zinazofuatana moja moja, aruke mbili mbili. Basi 4 ni 1 + 3, 6 ni 2 + 4, 9 ni 1 + 3 + 5, 12 ni 5 + 7 na pia 2 + 4 + 6. Zinazokataa ni zipi? Ni 1, 2, 3, 5, 7, 11, 13. Ukiacha 1, zote ni namba tasa: zimejitokeza zenyewe, hakuna aliyeziita! Nakumbuka niliposhuhudia kijana akiliona hilo kwa mara ya kwanza. Alifuta daftari mara mbili akidhani amekosea hesabu. Na kwa kuruka tatu tatu je? Hilo silijibu. Ni lenu.

Mwanahisabati atasema matokeo hayo yanajulikana tangu zamani. Ni kweli, na mwanafunzi aambiwe ukweli huo mwishoni, apewe pia jina la tawi analolichezea. Lakini hayakujulikana kwake, hayamo kwenye kitabu chake cha darasani, na maswali yanayozaliwa kila anapobadili kanuni yanamfikisha upesi mahali ambapo mwalimu wake naye hajui. Ninapopenda kumwona mwalimu ni hapo.

Yapo pia maswali yanayokaa majumbani mwetu. Akina mama wa Pwani husuka ukili wa miyaa kwa mapambo yanayojirudia kutoka mwanzo wa ukanda hadi mwisho. Hisabati imethibitisha kuwa pambo linalojirudia kwenye ukanda, ukilipanga kwa ulinganifu wake, haliwezi kuwa la aina zaidi ya saba. Unauliza: ukigeuza ukanda kichwa chini, pambo hubaki vilevile? Ukilitazama kwenye kioo kilichosimamishwa kukata ukanda? Kioo kikilazwa kwa urefu wake? Ukilipeleka mbele nusu hatua na kulipindua? Majibu yake hukupa aina moja kati ya saba, na ya nane haipo. Marehemu Paulus Gerdes alifanya kazi kubwa ya namna hii Msumbiji, kwenye vikapu vya sipatsi vya Inhambane. Mwanafunzi wa Pemba, Lamu au Tanga anaweza kukusanya kanda kutoka kwa wasukaji wa mtaani kwake, akazipanga, kisha akauliza lililo lake: ni aina zipi wasukaji wetu hawazisuki, na je, ni hiari yao, au chane zinapopita juu na chini zinaikataza aina hiyo isisukike? Mimi jibu la swali hilo kwa ukili wa Pemba sinalo, na ningetoa mengi kulisoma kwenye bango la mtoto wa sekondari.

Na bao. Mchezaji ana mashimo yake 16, anatakata, yaani anasambaza kete bila kula, na zamu yake inaisha kete ya mwisho inapolala kwenye shimo tupu. Je, upo mpangilio wa kete utakaomfanya azunguke daima bila kulala? Kwa mashimo manne tu na kete chache unaweza kujaribu kwa mkono. Kwa 16 unahitaji programu ndogo ya kompyuta au hoja nzuri. Wazee barazani watamsaidia mtoto kuliko kitabu chochote nilichonacho, na watafurahi kuulizwa.

Najua kinachotuzuia. Swali la mtoto likiwa geni, tunalicheka. Kila Mtanzania aliyesoma fizikia anamjua Erasto Mpemba: mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Alipouliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, mbele ya Dkt. Denis Osborne aliyekuwa amekuja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Swali la kijana mmoja limewapa watu wazima kazi ya zaidi ya nusu karne, na lilinusurika kwa sababu mtu mmoja tu alikubali kulipima.

Sasa niseme juu ya uamuzi, maana mashindano hufa au kupona kwa waamuzi wake. Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni la haki: Flannery alikuwa na baba mhadhiri na alipitia kampuni ya wataalamu, mtoto wa Namtumbo au Lodwar atashindana naye vipi? Tena sasa hivi programu za kompyuta huandika ripoti nzima usiku mmoja. Pingamizi hilo ni zito na silipuuzi. Dawa yake naiona kwenye kiti cha mwamuzi. Hong Kong wana tuzo za Hang Lung za hisabati kwa shule za sekondari, zilizoanza mwaka 2004 na hufanyika kila baada ya miaka miwili. Huko ripoti peke yake haitoshi. Timu zinazofika mwisho husimama mbele ya jopo la wanahisabati na kutetea kazi yao kwa mdomo, kama mtu anayetetea shahada ya juu. Jambo jingine ninalolipenda kwao ni kuwa zawadi haimwishii mwanafunzi. Mwalimu na shule nao wana fungu lao. Mwalimu aliyebaki shuleni jioni kusikiliza hoja iliyopinda anastahili kutajwa.

Basi mwamuzi ampe mtoto chaki. Amwambie: badili namba hii, nionyeshe kinachotokea. Aliyeifanya kazi mwenyewe atasita, atafikiri, ataanza kuandika. Aliyeandikiwa atarudi kusoma bango. Dakika tano zinatosha kuwatenganisha, na hakuna baba wala kompyuta itakayosimama pale kumsaidia. Msaada wenyewe si dhambi, mradi utajwe kama Flannery alivyomtaja Purser kwenye jina la njia yake. Na daftari la mradi, lenye mistari iliyokatwa na hesabu zilizokosewa, liwekwe mezani pamoja na bango. Mimi ningelipa alama nyingi kuliko bango lenyewe.

Halafu lugha. Kwetu Tanzania sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, na watoto wengi hufika mbele ya mwamuzi wakiwa wamekariri aya za Kiingereza ili wasiaibike. Ukiwauliza swali nje ya aya hizo wananyamaza, nasi tunaandika "hakuelewa". Mimi nimejaribu kurudia swali lilelile kwa Kiswahili, nikasikia hoja safi ikitoka kinywani mwa mtoto aliyekuwa amenyamaza. Uthibitisho ni ule ule kwa lugha yoyote. Kumnyima mtoto lugha anayofikiria ndani yake, halafu kumpima fikra zake, ni dhuluma, na katika mashindano ya miradi dhuluma hiyo tunaweza kuiondoa bila kusubiri sera yoyote.

Wapo wanaotaka tuondoe ushindani kabisa. Ufaransa wana mpango wa MATH.en.JEANS tangu mwaka 1989: wanafunzi hupewa maswali ya utafiti na mwanahisabati, hufanya kazi mwaka mzima, kisha hukutana kwenye kongamano kuelezana walichopata. Hakuna mshindi. Naupenda mpango huo na ningefurahi kuuona Mbeya au Kisumu. Lakini kwa sasa kwetu kombe lina kazi yake: linamfanya mkuu wa shule aruhusu chumba, linamfanya mzazi atoe nauli. Tulitumie, tukijua ni la nini.

Kwa waandaaji, ombi langu ni hili. Kwa mpangilio wa Ireland, ambao nasi tumeupokea, hisabati imewekwa kundi moja na kemia na fizikia. Kwa nchi ambayo watahiniwa wake wengi wa kidato cha nne hushindwa hisabati mwaka hadi mwaka, mpangilio huo hautusaidii. Meza yenye karatasi tupu haiwezi kugombea macho ya watu na chupa inayofuka moshi. Ipeni hisabati kundi lake, zawadi yake, na waamuzi wanaoweza kukaa chini na mtoto wakafuata hoja yake mstari kwa mstari, kwa Kiswahili au Kiingereza, kama atakavyochagua yeye.

Nanyi walimu, msimu ujao ukifunguliwa, msiwagawie wanafunzi orodha ya mada. Waambieni walete maswali, hata mawili kila mmoja, kwa maneno yao wenyewe. Lile ambalo ninyi hamjui jibu lake, lisajilini.